Spika ya Bluetooth

Spika ya Bluetooth ni kifaa kidogo cha kubebeka kinachotoa sauti ya muziki au ya mazungumzo ya simu bila kuunganishwa kwa waya na simu yenyewe. Ndani yake huwa na betri ya kuchaji, amplifaya, spika moja au mbili, na maiki. Aina nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki zina pia redio ya FM, nafasi ya memori kadi na tundu la flashi, hivyo huweza kupiga nyimbo hata kama simu haipo karibu. Kwa sababu hiyo katika Tanzania huitwa pia redio ya flashi, redio ya memori au kwa ufupi "spika". Neno hilo lisichanganywe na Spika wa Bunge.

Kwa kuwa kifaa kimoja hufanya kazi za vifaa vinne au vitano, si rahisi kukitathmini kwa kuangalia boksi au kusikiliza wimbo mmoja dukani. Kila kazi ina kipimo chake, na spika yenye muziki mzuri inaweza kuwa dhaifu katika simu, katika redio au katika betri.

Jina

Bluetooth ni teknolojia ya kupeleka data kwa mawimbi ya redio katika umbali mfupi. Jina lake linatokana na jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark katika karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuunganisha watu wa nchi yake chini ya utawala mmoja. Lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach, mhandisi wa kampuni ya Intel, kwa wazo kwamba teknolojia hiyo nayo ingeunganisha kompyuta na simu za kampuni mbalimbali. Alama ya Bluetooth imeundwa kwa kuunganisha herufi mbili za maandishi ya kale ya Skandinavia, zinazolingana na H na B.

Historia

Muziki wa kubebeka ulianza kuenea baada ya redio za transista. Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa umma, ilitoka Marekani mwaka 1954. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, na mwaka 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman, kicheza kaseti kidogo cha kusikiliza kwa hedifoni. Katika Tanzania kaseti na redio za betri kavu zilikuwa njia kuu ya kusikiliza muziki nyumbani kwa miaka mingi, na nyimbo nyingi zilijulikana kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, na baadaye redio za FM zikaenea mikoani.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walishiriki kubuni MP3, namna ya kubana faili la sauti ili lichukue nafasi ndogo. Kicheza MP3 cha kubebeka cha kwanza kuuzwa kwa wingi, MPMan, kilitoka Korea Kusini mwaka 1998, na iPod ya kampuni ya Apple ilifuata mwaka 2001.

Kwa upande mwingine, kampuni ya Ericsson ya Uswidi ilianza kazi ya kubuni Bluetooth mwaka 1994. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba waliunda umoja wa kusimamia viwango vyake. Matumizi ya kwanza yaliyojulikana sana yalikuwa kifaa cha sikioni cha kuongea na simu. Utaratibu wa kupeleka muziki wa stirio, uitwao A2DP, ulitolewa mwaka 2003. Mwaka 2010 kampuni ya Jawbone ya Marekani ilitoa Jambox, spika ndogo iliyounganisha muziki na maiki ya kupokelea simu, na baada ya hapo kampuni nyingi zilitengeneza vifaa vya aina hiyo. Aina za bei nafuu, nyingi zikitoka China, ziliongezewa FM, memori kadi, flashi na tochi.

Jinsi inavyofanya kazi

Bluetooth hutumia mawimbi ya takribani gigahezi 2.4. Utaratibu unaotumika kwa muziki hugawa eneo hilo la masafa katika njia 79, na vifaa vilivyounganishwa huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Kuruka huko hupunguza kuingiliana na vifaa vingine vinavyotumia masafa hayo, kama vile Wi-Fi.

Simu hubana sauti, huituma, kisha chipu iliyomo ndani ya spika huifungua na kuigeuza kuwa mkondo wa umeme. Amplifaya hukuza mkondo huo na kuupeleka kwenye koili iliyo karibu na sumaku. Koili husogea mbele na nyuma pamoja na karatasi ya spika, na hewa inayotikiswa ndiyo sauti inayosikika.

Umbali wa kawaida wa matumizi ni kama mita 10 mahali pa wazi. Ukuta wa matofali, bati na hata mwili wa binadamu hupunguza umbali huo, kwa kuwa mawimbi ya masafa hayo hunyonywa na maji na huzuiwa na chuma.

Kupokea simu

Spika ya kawaida ya aina hii haina laini ya simu. Maandishi ya "simu" kwenye boksi humaanisha kwamba spika inaweza kutumika kama sikio na mdomo wa simu iliyo karibu. Simu inapoita, muziki husimama, mlio husikika kwenye spika, na mtumiaji hubonyeza kitufe kupokea. Vocha, mtandao na namba vyote hubaki vya simu.

Wengi hushangaa kusikia kwamba spika yenye muziki safi hutoa sauti nyembamba wakati wa simu. Sababu ni kwamba muziki na mazungumzo hupita kwa taratibu mbili tofauti. Muziki kwa kawaida hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde. Mazungumzo kwa utaratibu wa zamani hubeba vipimo 8,000 tu, na kwa ule ulioboreshwa 16,000. Aidha, wakati wa mazungumzo sauti husafiri pande zote mbili kwa pamoja.

Tatizo jingine ni mwangwi. Maiki iko sentimita chache kutoka kwenye spika, hivyo hunasa sauti ya aliyepiga na kumrudishia. Chipu nzuri huondoa mwangwi huo. Chipu duni hushindwa, hasa sauti ikiwa juu. Anayeteseka ni mtu wa upande wa pili, si mwenye spika, na ndiyo maana kasoro hii hugunduliwa baada ya kununua.

Spika pia huondoa faragha. Mazungumzo ya familia, ya hospitali au ya fedha husikika kwa kila aliye karibu. Ikiwa spika imebaki ndani na mwenye simu yuko nje ya ukuta, simu inaweza kupokewa mfukoni huku sauti ikitokea ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuzima Bluetooth ya simu au kuchagua sauti irudi kwenye simu yenyewe.

Betri

Spika nyingi hutumia betri ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991. John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi yao iliyowezesha betri hizo. Kila seli ina wastani wa volti 3.7, na hufika volti 4.2 ikijaa.

Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh. Ili kupata nishati, mAh hugawanywa kwa 1,000 na kuzidishwa kwa volti. Kwa mfano, betri ya mAh 1,200 ina nishati ya 1.2 × 3.7, yaani takribani wati-saa 4.4. Spika ikitumia wastani wa wati 1 itadumu kama saa 4. Ikitumia wati 2 itadumu kama saa 2. Kwa hiyo boksi linaloahidi saa 10 za muziki huwa linazungumzia sauti ya chini, na lisilotaja kiwango cha sauti halijasema jambo la kutosha.

Seli ya duara inayopatikana katika spika nyingi huitwa 18650, kwa kuwa ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli halisi za ukubwa huo kwa kawaida huwa na mAh 1,500 hadi 3,500 na uzito wa gramu 45 hivi. Seli ya ukubwa huo iliyoandikwa mAh 9,900 ina maandishi yasiyo ya kweli, na ikiwa nyepesi mno huenda ndani yake nyenzo ni chache.

Betri hizi huchajiwa kwa volti 5 kupitia waya wa USB. Paneli ya sola ya volti 12 haipaswi kuunganishwa moja kwa moja na spika; hutumika tundu la USB la kidhibiti chaji. Kwa kuhesabu upotevu, betri ya wati-saa 4.4 huhitaji kama wati-saa 6, ambazo paneli ya wati 3 huweza kuzitoa kwa saa mbili hadi tatu za jua kali. Katika muda huo paneli ikae juani na spika ikae kivulini, maana joto huharibu betri ya lithiamu. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi wala haitupwi motoni.

Kutathmini kabla ya kununua

Tathmini nzuri hupima kazi moja baada ya nyingine, kwa simu na memori kadi ambazo mnunuzi mwenyewe atazitumia.

Sauti. Wimbo unaofahamika hupigwa kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu. Sauti inayokwaruza au kutetemesha kava kabla ya kufika juu ni dalili ya spika au amplifaya dhaifu. Namba ya wati kwenye boksi si kipimo cha ukubwa wa sauti peke yake: kuongeza nguvu maradufu, kwa mfano kutoka wati 5 hadi 10, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kama ongezeko dogo. Besi nayo hutegemea ukubwa wa spika na kasha lake, hivyo kifaa cha kiganjani hakiwezi kulingana na sabufa.

Maneno. Sauti ya mtangazaji wa habari ni kipimo kizuri kuliko muziki, kwa kuwa besi nyingi huficha kasoro. Maneno yakisikika kama yanatoka ndani ya pipa, simu pia itasikika hivyo.

Simu. Mnunuzi humpigia mtu aliye mbali, huongea akiwa nusu mita kutoka kwenye spika, kisha mita mbili, na kumwuliza wa upande wa pili kama anasikia vizuri na kama anasikia mwangwi wa sauti yake.

Muunganisho. Simu huachwa mahali pamoja na spika hupelekwa hatua kumi mbali, kisha nyuma ya ukuta. Spika huzimwa na kuwashwa tena ili kuona kama inaikumbuka simu. Spika isiyoomba idhini huweza kuunganishwa na simu ya jirani.

Memori kadi na flashi. Kadi hadi GB 32 hupangwa kwa utaratibu wa FAT32, unaosomwa na vifaa vingi vya bei nafuu. Kadi kubwa zaidi huenda zisisomwe. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida huchukua kama MB 1 kwa dakika, hivyo kadi ya GB 8 huweza kubeba nyimbo 2,000 hivi za dakika nne. Nyimbo zilizohifadhiwa kwa M4A au zilizo ndani ya video mara nyingi hazisomwi.

Redio. FM husafiri karibu kama mwanga, hivyo vilima na umbali kutoka mnarani huamua usikivu. Spika nyingi hutumia waya wa chaji au kipande cha waya wa ndani badala ya eriali ya kuvuta. Kifaa kinachonasa vituo vitatu mjini huenda kisinase hata kimoja kijijini.

Vumbi na maji. Alama ya IP hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP67 humaanisha kifaa hakiingizi vumbi na kimejaribiwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX7 ina kipimo hichohicho cha maji, lakini X huonyesha kwamba daraja la vumbi halikutajwa.

Matengenezo. Kava lenye skurubu hufunguliwa kwa urahisi na fundi, lililogundishwa huvunjika. Tundu la chaji ndilo hulegea mapema, na betri ndiyo huchoka. Spika ambayo betri yake haiwezi kubadilishwa ina umri wa betri yake.

Matumizi katika Ushirombo na ukanda wa dhahabu

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe katika Mkoa wa Geita. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Mji uko kwenye barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Nyakanazi na mipaka ya Rwanda na Burundi. Wakazi wa eneo hilo ni pamoja na Wasumbwa na Wasukuma, na shughuli zao ni kilimo, ufugaji, biashara na uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Katika mazingira hayo spika ndogo hutathminiwa tofauti na mjini penye umeme wa uhakika. Mkulima anayelala shambani msimu wa mavuno huhitaji redio inayonasa mbali na betri inayochajika kwa sola. Bluetooth kwake ni ya ziada. Mfanyabiashara wa mnadani huhitaji sauti inayosikika mahali pa wazi, ambapo kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mama lishe mwenye mikono yenye unga hunufaika na kupokea simu za oda bila kushika simu, mradi maiki iwe nzuri.

Kwa mchimbaji mdogo adui wa kwanza ni vumbi la mawe kutoka kwenye karasha na maji ya mialo ya kuoshea dhahabu. Ndani ya duara mawimbi ya simu hayapenyi mwamba, hivyo simu na Bluetooth havitegemewi kuwa njia ya kuita msaada. Muziki wa sauti kubwa ndani ya shimo ni hatari, kwa kuwa huficha mlio wa udongo unaopasuka na wito wa wenzake walio juu wanaoshika kamba. Hapo spika bora ni ile iliyozimwa.

Kwa mwendesha bodaboda pia, sauti kubwa karibu na masikio huficha honi za malori ya barabara kuu, na kupokea simu kwa spika hakuondoi tatizo la mawazo kuwa mbali na barabara.

Afya ya masikio

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima anayetumia kifaa binafsi cha kusikilizia asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, na 89 ni saa 5. Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya vifaa vya sikioni hasa, lakini kanuni ni ileile kwa mtu anayefanya kazi siku nzima kando ya spika. Mlio unaobaki masikioni baada ya kuzima muziki ni onyo. Chembe za kusikia za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Sheria na haki

Katika Tanzania viwango vya bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Vifaa vya mawasiliano husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Risiti yenye jina la kifaa na tarehe ndiyo ushahidi wa kwanza wa mnunuzi anayelalamika. Bila risiti, neno "garantii" la mdomo ni vigumu kulithibitisha.

Haki nyingine ni ya wanamuziki. Spika za memori zilikuza biashara ya kurusha nyimbo, ambapo mteja hupeleka kadi kibandani na kujaziwa mamia ya nyimbo kwa malipo madogo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kunakili kazi ya msanii kwa ajili ya kuuza bila idhini yake ni kosa. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo yenye jukumu la kusimamia haki hizo. Mwanamuziki wa nyimbo za Kisukuma anaweza kusikika katika kila mnada bila kupata chochote kutokana na nakala zilizouzwa. Kwa upande wake, mmiliki wa kibanda huona anauza huduma ya kompyuta na umeme, si wimbo. Suala hilo linaendelea kuwa gumu kwa kuwa nakala ya MP3 haipungui ubora kila inaporushwa, tofauti na kaseti iliyochakaa kwa kunakiliwa.